Mgombea Asiyekunywa

Kaka yangu alikuwa na kila kitu cha kumfanya achaguliwe isipokuwa koo. Hivyo ndivyo walivyosema wateja wangu, na waliyasema ndani ya kabare yangu, wakinywa pombe yangu, wakidhani mwanamke anayefuta meza hana masikio.

Kabare ilikuwa Kagugu, juu ya kilima, pale barabara ya udongo inapogawanyika. Siku hizo hapakuwa na mageti ya chuma wala nyumba za ghorofa. Kulikuwa na migomba, mihogo, nyumba za matofali mabichi, na mji wa Kigali tuliutazama ng'ambo ya bonde kama jirani mwenye mali asiyekualika. Niliuza pombe ya ndizi tunayoiita urwagwa, pombe ya mtama, na Jumamosi mishikaki ya mbuzi. Mama yetu alikuwa mtu wa Bukavu, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwetu, na pale kabare kilichanganywa na Kinyarwanda kila mtu alivyoweza. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Nilikuwa na watoto wawili na ulimi mkali, na vyote vitatu vilinisaidia kuendesha biashara.

Kaka yangu alikuwa bwana mifugo wa komini, yaani wilaya yetu. Walimwita Daktari, ingawa yeye mwenyewe alikataa jina hilo kila alipoitwa. Alipanda vilima kwa baiskeli akiwa na mkoba wa sindano, na sidhani kulikuwa na zizi upande ule ambalo hakuwahi kuingiza mkono wake kumtoa ndama. Mwanasiasa mwingine ilimbidi atafute watu. Yeye watu walikuwa wanamtafuta tangu alfajiri.

Vita vya serikali na waasi, wengi wao Watutsi waliokuwa uhamishoni, vilianza Oktoba ya mwaka tisini, kaskazini, mbali kidogo na sisi. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu vyama vingi. Kabla ya hapo chama kilikuwa kimoja, na ulikuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yako, upende usipende. Ghafla kila njia panda ikapata mlingoti wa bendera na kila mwanaume akapata kofia. Wateja wangu waliokuwa wakibishana juu ya mvua na mpira wakaanza kubishana juu ya mawaziri. Walijua nani atapewa wizara gani na nani ataangushwa na nani, lakini hawakujua kama nyumbani kuna chumvi. Nilikuwa nawaambia hivyo na walicheka, wakaagiza chupa nyingine.

Chama cha kaka yangu kilikuwa cha upinzani, na kilipendwa kilimani kwetu. Swali lililobaki lilikuwa moja: nani ataongoza tawi? Kwa sababu kila mtu aliamini kwamba uchaguzi utakuja, na atakayeongoza tawi ndiye atakayegombea uburugumesitiri, yaani ukuu wa komini nzima. Majina yalikuwa mawili. La kwanza ni kaka yangu. La pili ni rafiki yake, mfanyabiashara wa mbao, mtu mnene mwenye kicheko kilichotangulia mlangoni kabla ya tumbo lake. Alijifunza Kiswahili Goma alikokuwa akinunua mbao, na alikisema kwa mbwembwe zote za huko. Yeye ndiye aliyesimama na kaka yangu siku ya harusi. Alimpa kaka ng'ombe, naye kaka akamrudishia ndama wa kwanza wa ng'ombe huyo, na kwetu waliopeana ng'ombe wameshakuwa ndugu, hakuna haja ya kuandika mahali.

Sasa nieleze habari ya koo. Urwagwa haunywewi kila mtu na glasi yake. Inakuja chupa moja na mrija mmoja. Anayekukaribisha anaonja kwanza, mbele ya macho yako, ili uone kwamba hakuna sumu, kisha anakupa. Unavuta, unampa wa pembeni, naye anampa wa pembeni yake. Ukikataa mrija umesema moja kati ya mawili: unamshuku aliyekupa, au unamdharau. Kaka yangu alikuwa ameokoka. Baba yetu alikufa kwa pombe, kaka akalia sana, na mwaka mmoja baada ya mazishi akasimama mbele ya kanisa lake akaapa kwamba kinywa chake hakitagusa tena kilevi mpaka afe. Aliimba besi kwenye kwaya. Akija kwangu alikunywa Fanta, na alikuja akikunja uso, kwa sababu dada yake kuuza pombe kulimuuma kama jino. Lakini mikutano ya tawi ilifanyika wapi? Kwangu. Hakukuwa na ukumbi mwingine wenye viti.

"Daktari ni mutu muzuri sana," alisema mshona viatu mmoja, mteja wangu wa kila siku, ambaye alijiona mtabiri wa siasa. "Lakini mutu hakunywaka na watu, nani atamupigia kura? Sisi tutajuaje iko na nini ndani ya roho?"

"Ana maji na Fanta ndani," nilimwambia. "Wewe una nini?"

"Mimi sigombei kitu, mama."

Huo ndio ulikuwa utabiri wao, jioni baada ya jioni. Daktari ana akili, Daktari hali rushwa, Daktari anajua kila nyumba. Lakini Daktari hanywi. Mwenzake anakunywa na kila mtu, hata na wasiokuwa na viatu, na kila alichosema kilipigiwa makofi. Waliomsifu walizidi, na Waswahili wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi ninayeuza tembo nilikuwa naliona hilo mapema. Alianza kuchelewa kwenye mikutano ili apokewe kwa makofi.

Nilitaka kaka yangu ashinde. Nasema bila haya. Nilitaka siku moja mtu aniulize kaka yako ni nani nimjibu kwa sauti. Nilimfuata nyuma ya nyumba, alikokuwa akinawa mikono, nikamwambia avute mrija mara moja tu, mbele ya watu, basi.

"Mushiki wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita sikuzote, dada yake, "niliapa."

"Uliapa usilewe. Mvuto mmoja haulewi mtu."

"Niliapa kinywa hakitagusa. Nikiwadanganya watu wa kanisa leo, kesho nitawadanganya watu wa komini."

"Basi utabaki na kanisa lako na ng'ombe wako."

Alijipangusa mikono kwenye suruali na kucheka. Hasira yake ilikuwa hivyo, alicheka. Mimi yangu ilikuwa ya kugonga vikombe.

Mtu pekee aliyefurahi kwamba kaka hanywi alikuwa mke wake. Alikuwa mwalimu, mwembamba, mtaratibu wa maneno, na kitambulisho chake kilisema Mtutsi. Vita vilipoanza alikamatwa pamoja na maelfu ya wengine, wakawekwa uwanjani bila chakula, na hakuna aliyewaambia kosa lao. Aliporudi hakusimulia. Lakini tangu hapo, wakati sisi tulisikia ngoma za mikutano, yeye alisikia kitu kingine.

"Wifi," aliniambia siku moja tukichambua maharage, "niombee ashindwe."

Nilidhani anatania. Nilimtazama, nikaona hatanii.

"Akiwa mkubwa watamtazama," alisema. "Wakimtazama yeye wataniona mimi."

Nilimjibu vibaya, kwamba mke mwema hamwombei mumewe kuanguka. Hakubishana. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Siku ya kuchagua viongozi wa tawi, mwaka wa tisini na mbili, ikawa kama mshona viatu alivyosema. Mwenye mbao alipewa uenyekiti, kaka akapewa ukatibu. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya mrija, na kila mtu alijua ni kwa sababu ya mrija. Kaka alipiga makofi kuliko wote. Mkewe alimshukuru Mungu wazi wazi. Mimi niliwachomea mishikaki kwa hasira mpaka ikaungua, na wakaila hivyo hivyo.

Halafu siasa ikabadilika harufu. Vijana wa vyama walianza kwenda nyumba kwa nyumba kuwatoa watu kwenye chama hiki na kuwaingiza kile, kwa fimbo, na kitendo hicho wakakiita kukomboa. Wakimbizi wa vita walifika kutoka kaskazini, wakajenga vibanda vya majani na plastiki huko juu, kando ya barabara kuu, na njaa yao tuliiona kwa macho. Redio ikapata maneno mapya. Mkataba wa amani na waasi ulitiwa saini, tukacheza, kwa sababu ulisema serikali itakuwa ya pamoja na baadaye kutakuwa na uchaguzi. Wateja wangu wakaanza upya kutabiri. Nusu yao walikuwa na uhakika, na wote walikosea.

Kabla mwaka wa tisini na tatu haujaisha chama chenyewe kilipasuka. Si chao tu, karibu vyote vya upinzani vilipasuka hivyo hivyo. Upande mmoja ulisema tutawale pamoja, mkataba ni mkataba. Upande wa pili ulisema Watutsi ni adui na anayekaa nao meza moja ni msaliti. Mwenye mbao alikwenda na upande wa pili. Sijui kama aliamini au alipiga hesabu ya kura. Nimelifikiria hilo miaka mingi na sijali tena jibu lake. Alibadilisha kofia, akaacha kupita nyumbani kwa kaka, na yule ndama aliyepewa na kaka, ambaye sasa alikuwa ng'ombe mzima, akaendelea kukamuliwa kule kwake kama kawaida.

Kaka yangu alibaki na wachache, wakamfanya mwenyekiti. Hivyo ndivyo alivyoupata uongozi, chama kikiwa kimebaki kipande.

Kabare yangu nayo ikapasuka. Upande wa dirisha walikaa wale wa kofia mpya, upande wa jikoni wale wa kaka. Kila upande ukawa na chupa yake. Baadaye ikawa mbaya zaidi: watu walianza kuja na mirija yao mfukoni, kila mtu na wake, na wengine waliniomba niwafungulie chupa mbele yao. Miaka yote niliyouza pombe sijawahi kuona kitu kilichonitisha kama wanaume wazima wakitoa mirija mfukoni. Nilimwambia wifi yangu, akasema, "Sasa umeona." Hakusema kwa kunisuta.

Ikafika Machi ya mwaka wa tisini na nne. Ilikuwa Jumamosi, alasiri, mvua imenyesha na watu wamejaa ndani kwa kukosa pa kwenda. Kaka alikuwa upande wa jikoni na Fanta yake. Mwenye mbao akaingia na kicheko chake, ingawa siku hizo kicheko kilikuwa na meno. Akaagiza urwagwa, nikamletea. Akasimama katikati ya chumba, akaonja kwa mrija polepole ili kila mtu aone, kisha akamnyooshea kaka yangu chupa.

"Daktari," alisema. "Watu wanasema wewe ndiye burugumesitiri kesho. Basi kunywa na watu. Ao unaogopa watu?"

Ulikuwa mtego, na hata mtoto angeuona. Kaka akikataa, angekuwa amekataa mrija mbele ya pande zote mbili, wakati kila mtu anamwogopa kila mtu. Hakuna ambaye angemsikiliza tena. Mwenye mbao alimjua miaka mingi, alijua kiapo, alikuwepo kanisani siku kilipotolewa. Alikuwa ameshaanza kugeuka ili kupokea vicheko.

Kaka yangu akasimama, akaishika chupa, akavuta.

Hakuvuta kidogo. Alivuta mpaka macho yakamtoka machozi, akakohoa, na mtu mmoja akacheka bila ubaya. Kisha hakumrudishia mwenyewe. Alipita katikati ya meza mpaka upande wa dirisha, akampa mshona viatu, ambaye siku hizo alikuwa amevaa kofia mpya. Mshona viatu aliipokea. Nadhani hakufikiri, mkono ulipokea wenyewe, kama ulivyozoea maisha yake yote. Akavuta. Akampa wa pembeni yake, naye akampa aliye pembeni yake, chupa ikavuka chumba ikarudi upande wa jikoni, na mrija ulikuwa ule ule mmoja. Mtu akaagiza nyingine. Wakaanza kuongea, wote kwa pamoja, juu ya mvua.

Mwenye mbao alibaki amesimama na mkono umefunguka. Baada ya muda akatoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mshona viatu alikuja kaunta akaninong'oneza, "Mama, imekwisha. Huyu iko na kura zote." Nikampa chupa ya bure, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwangu.

Nilimfuata kaka nyuma ya nyumba. Alikuwa anasukutua maji.

"Ikoje?" nilimuuliza.

"Chungu," alisema. "Hiki ndicho mnachokunywa kila siku?"

"Umeshinda, musaza wangu," nilimwambia, yaani kaka yangu.

"Nimevunja kiapo." Akatema maji kwenye migomba. "Lakini uliwaona? Walikuwa wamesahau kunywa pamoja. Nikaona kiapo changu kimoja si kikubwa kuliko hilo."

Jumapili alisimama kanisani akasema mwenyewe alichofanya, kabla hajasemwa. Wazee wakamtoa kwenye kwaya mpaka atakapotubu vizuri zaidi. Alikaa kiti cha nyuma na mke wake, na wifi yangu alimshika mkono ibada nzima, jambo ambalo watu wa kwetu hawafanyi hadharani. Alikuwa amekasirika naye na alimwogopea, vyote kwa pamoja.

Wiki chache baadaye ndege ya rais ilidunguliwa, na kilichofuata dunia inakijua. Waliouawa kwanza mjini walikuwa viongozi wa vyama waliosema tutawale pamoja, na Watutsi waliwindwa nyumba kwa nyumba. Kwetu kilimani walikuja siku za mwanzo kabisa. Walimuua kaka yangu mlangoni. Wakaingia ndani wakamuua wifi yangu na watoto wao wote, na mdogo alikuwa bado ananyonya. Jinsi mimi na wanangu tulivyopona ni habari nyingine, na siisimulii hapa.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua nani aliwaongoza. Niliwahi kushuku, kikulacho ki nguoni mwako, lakini kushuku si kujua. Mashtaka yalisikilizwa nje, sisi tumekaa kwenye majani na mabenchi, majirani wakiwa ndio mahakimu. Mwenye mbao aliletwa akiwa na nguo ya waridi ya wafungwa. Alikuwa amekonda na sikumtambua mpaka alipofungua mdomo. Alikiri. Alisema aliwaonyesha nyumba na akasimama barabarani wakati wanaingia.

Hakimu akamuuliza kwa nini, mtu mliyepeana ng'ombe.

Akasema, "Siku ile chupa ilipozunguka chumba nilijua amenishinda. Angechaguliwa. Kila mtu angempigia kura."

Watu walinigeukia. Nilijua wanafikiri nini, kwa sababu wengine waliwahi kunisikia nikimsihi kaka anywe. Sitaubeba mzigo huo. Sikumuua mimi, wala hakuuawa na mrija. Kwa miaka mitatu wateja wangu walibishana kama kaka yangu anachagulika, na jibu nilikuja kupewa na mtu huyu, mwenye nguo ya waridi, kwa sauti ya chini kama anayenipa zawadi. Alidhani ninataka kulisikia. Kibaya ni kwamba sehemu yangu ndogo ilitaka.

Nikaomba kusema. Nikasimama.

"Tumekusikia," nilimwambia. "Kaka yangu angekushinda. Sasa tuambie mke wake alikuwa anagombea nini."

Akatazama chini.

"Na yule anayenyonya," nikasema, "alikuwa anagombea nini?"

Hakimu alisubiri. Mwishowe akaandika kwamba mshtakiwa hakujibu, nami nikarudi kukaa kwenye majani.